Tarehe ya mzigo mpya si ahadi

Ndugu mafundi wa Lubumbashi, ukitafuta vipuri vya inveta kwa DigiKey au Mouser, maduka ya mtandaoni ya vipuri vya elektroniki, ukakuta stoku ni sifuri na pembeni tarehe ya mzigo mpya, tafadhali usimwahidi mteja wako wa Katuba kwa tarehe ile. Ni makadirio tu, na husogezwa mbele mara nyingi. Mwaka 2021 chipu za STM32, zile za kuongoza vifaa, zilisubiriwa hata zaidi ya mwaka! Halafu mzigo ukifika, huenda sehemu kubwa ina wenyewe, walioagiza kabla yako. Mimi huamini zaidi muda wa kiwanda, yaani muda wa kutengeneza na kuleta kipuri kipya, ule unaoandikwa kwa wiki. Ukiona wiki 26, na kipuri ni mosfeti (swichi ya umeme ndani ya inveta), tafuta mbadala mara moja: umbo na mpangilio wa miguu ule ule, volti na ampea zisizopungua, na chaji ya geti, yaani chaji inayohitajika kuiwasha, isizidi.