Kumpaka rangi askari wa Space Marine

Space Marine ni kisanamu kidogo cha plastiki cha mchezo wa mezani wa Warhammer 40,000. Kabla ya rangi, kwangua kwa mgongo wa kisu ule mstari mwembamba ulioachwa na kalibu kwenye plastiki. Ukiuacha, kila rangi itakayofuata itauanika. Kisha puliza praima nyeusi, yaani rangi ya msingi inayoshika zile zitakazofuata, kwa mipulizo mifupi, umbali wa sentimita 20 hadi 30. Epuka jua kali: praima hukauka ikiwa bado hewani, na deraya inatoka na chengachenga kama msasa.

Macragge Blue, rangi ya buluu ya deraya, usiipake moja kwa moja kutoka koponi. Weka tone kwenye kigae, ongeza maji kidogo, iwe nyepesi kama maziwa. Mkono wa kwanza wa rangi utakuwa na mabakamabaka, ndivyo ulivyo. Usiurudie ukiwa mbichi, maana brashi itaikokota rangi hadi praima ionekane. Ukikauka, piga wa pili.

Nuln Oil, rangi nyeusi ya majimaji ya kutia kivuli, ipitishe kwenye maungio tu. Ikituama juu ya bega, ambako ni laini, huacha doa la duara. Inyonye mapema kwa brashi yenye unyevu. Kingo malizia na Calgar Blue, buluu iliyo nyepesi zaidi, ukitumia ubavu wa brashi badala ya ncha. Mkono ukitetemeka, egemeza viwiko mezani.