Majira kwanza, mwezi baadaye: namna ninavyopanga safari ya kuvua maji baridi

Safari yangu mbovu kuliko zote niliipanga kwa kalenda ya mwezi peke yake. Jedwali liliipa siku ile nyota zote: mwezi mpevu, saa nzuri kuanzia machweo. Nikafika bwawani na mishipi mitatu na chambo cha kunitosha siku mbili. Sikuwa nimeuliza kuhusu mvua. Kumbe usiku mbili mfululizo ilikuwa imenyesha mvua nzito ya baridi, mto umeingiza tope, na maji yamekuwa na rangi ya udongo wa kufinyangia. Nilipotumbukiza mkono niliutoa haraka. Nilikaa mpaka usiku wa manane na kielea hakikutikisika ila kwa upepo. Mwezi ulikuwa mzuri kweli, maana niliutazama sana, sikuwa na kazi nyingine.

Siku hizi nafuata mpangilio huu: majira yananiambia samaki yuko wapi, hali ya hewa ya siku tatu inachagua siku, jua linachagua saa, na mwezi unasikilizwa mwisho, pale ambapo hayo mengine yamelingana.

Hatua ya 1: Amua unamfuata samaki gani

Utabiri uleule ni habari njema kwa samaki mmoja na mbaya kwa mwingine. Perege na sato wanapenda maji ya vuguvugu. Wanakula vizuri maji yakiwa na nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi, yakishuka chini ya 20 hamu inapungua, na yakikaribia 16 wanaacha kula. Trauti ni kinyume chake: raha yake ni kati ya nyuzi 10 na 16, na maji yakipita 20 anataabika kiasi kwamba hata ukimrudisha majini anaweza kufa. Sangara anataka oksijeni nyingi. Kambale ndiye mvumilivu, kwa kuwa akikosa hewa majini anapanda juu na kuvuta ya kwetu.

Hapohapo uliza kuhusu kibali na kama eneo limefungwa kwa ajili ya mazalia. Usiliache hili hadi siku ya safari.

Hatua ya 2: Soma majira kabla ya kusoma utabiri

Mvua kubwa zinapoanza, maji yanapanda kwenye nyasi na matete ya kingoni, na kambale anayafuata huko kwenda kutaga. Wakati huo kutupa ndoana katikati ya bwawa ni kujichosha. Vua pembeni, kwenye kina cha magoti, hata kama macho yako yanakwambia pale hapawezi kuwa na samaki wa maana.

Kiangazi kinawakusanya. Maji yanapungua na samaki wanajazana kwenye vilindi vilivyobaki, kwa hiyo kuwapata ni rahisi lakini kuwashawishi ni kazi, sababu maji ya moto hayashiki oksijeni vizuri. Lita moja ya maji yenye nyuzi 10 inabeba takriban miligramu 11 za oksijeni, yenye nyuzi 20 inabeba 9 hivi, na yenye nyuzi 30 inabeba 7 na nusu hivi. Wakati huohuo joto linamfanya samaki ahitaji oksijeni zaidi. Ndiyo maana mchana wa kiangazi anaduwaa tu.

Hapa watu wengi wanakosea, nami nilikosea miaka. Tunaambiwa kiangazi twende alfajiri. Ni kweli kwenye mto, au kwenye ziwa lililo wazi linalopigwa na upepo. Lakini kwenye bwawa tulivu lililojaa magugumaji, alfajiri ndiyo saa ambayo oksijeni iko chini kabisa, kwa kuwa mimea nayo imepumua usiku kucha bila jua la kuiwezesha kutengeneza nyingine. Kwenye bwawa la namna hiyo nasubiri jua lipande, nafika kama saa 2 au saa 3 asubuhi, na huwapita wenzangu wakirudi mikono mitupu.

Jambo la pili la majira ni matabaka. Bwawa lenye kina kirefu likikaa kwenye joto bila upepo mkali, maji ya moto yanabaki juu na ya baridi yanalala chini, na hayachanganyiki. Tabaka la chini linaweza kuishiwa oksijeni kabisa. Ukizamisha chubwi hadi sakafuni mita kumi na mbili, umeweka chambo mahali ambapo hakuna anayeishi.

Mpaka wa matabaka nautafuta kwa chupa. Chukua chupa yenye kizibo cha kuchomeka, si cha kuzungusha. Ifunge jiwe la kuizamisha, kisha kamba shingoni yenye fundo kila mita moja, na kamba nyembamba kwenye kizibo. Ishushe mpaka fundo la pili na uivute kamba nyembamba kwa ghafla. Kizibo kitatoka na utaona mapovu yakipanda. Yakikoma, chupa imejaa maji ya kina kile. Ipandishe upesi na utumbukize kipimajoto kabla jua halijaiharibu kazi. Rudia kwenye fundo la nne, la sita, la nane. Mara ya mwisho nilipata nyuzi 27, 27, 26, halafu ghafla 22. Basi mpaka uko kati ya mita ya sita na ya nane, na chambo changu kikaning'inia mita tano na nusu.

Hatua ya 3: Fuata hali ya hewa kuanzia siku tatu kabla

Samaki haishi ndani ya utabiri wa leo. Anaishi ndani ya maji ambayo yamepokea mambo ya juzi na jana. Kwa hiyo naanza kuandika siku tatu kabla: joto la usiku, mvua, na upepo umetoka wapi. Usiku ukiwa wa baridi ghafla, nasogeza safari. Siku tatu zinazofanana, hata zikiwa za kawaida tu, ni bora kuliko siku moja nzuri iliyofuata mbili za fujo.

Upepo ndio ninaouheshimu kuliko vyote. Ukivuma siku mbili kutoka upande mmoja, unasukuma maji ya juu yenye joto pamoja na vijidudu na wadudu vinavyoelea mpaka ukingo wa pili. Visamaki vinafuata chakula, wakubwa wanafuata visamaki. Kaa basi ukingo unaopigwa na mawimbi. Najua ukingo uliokingwa na miti ni mtamu kukaa, mshipi haupeperuki na kofia haikimbii, lakini huko utakuwa na utulivu bila samaki.

Ukitumia mtumbwi, hesabu inabadilika. Upepo ukikaribia kilomita 20 kwa saa, vilele vya mawimbi vinaanza kuwa vyeupe, na kwangu hapo mtumbwi hautoki. Kumbuka pia kwamba kwenye ziwa kubwa mchana upepo hutoka majini kuja nchi kavu, na usiku hugeuka ukatoka nchi kavu kwenda majini. Atakayechoka usiku akataka kurudi nchi kavu atajikuta anapiga kasia kuukabili.

Mvua nyepesi ni rafiki. Inavuruga uso wa maji, inapunguza mwanga, inaangusha wadudu. Mvua ya kwanza baada ya ukame mrefu ni bora zaidi, sababu vijito vinaleta minyoo na kila kitu kilichokuwa kimejificha ardhini. Nenda kwenye mdomo wa kijito na utafute mstari ambapo maji ya udongo yanakutana na maji safi. Tupa upande wa maji safi, karibu kabisa na mstari. Samaki anasimama pale akisubiri kinachotoka kwenye tope.

Mvua ya mafuriko ni jambo jingine. Kupima kama maji yamechafuka kupita kiasi, funga kifuniko cheupe cha ndoo kwenye kamba, kitundikie uzito, ukishushe taratibu mpaka kipotee machoni. Padri Angelo Secchi wa Italia alipima uangavu wa maji kwa sahani nyeupe mwaka 1865, na wataalamu wa maziwa hadi leo wanatumia njia hiyo. Kwangu kifuniko kikipotea kabla ya sentimita 30, naahirisha safari ya perege. Nikiwa nimeshafika, nabadilisha chambo niweke chenye harufu kali, nimtafute kambale ambaye hategemei macho.

Kuhusu mgandamizo wa hewa, mabishano hayaishi. Wapo wanaotoka au kulala kwa kuangalia namba hiyo tu. Lakini tupige hesabu kidogo. Hektopaskali moja, yaani kipimo cha mgandamizo wa hewa, ni sawa na uzito wa takriban sentimita moja ya maji. Dhoruba ikishusha mgandamizo kwa hektopaskali 10, samaki akishuka sentimita 10 amelifidia badiliko lote, na sentimita 10 ni kitu anachokifanya kila dakika. Kwa hiyo mimi naichukua namba hii kama mpiga mbiu: inaposhuka inatangaza mawingu na upepo, na hivyo ndivyo vinavyomwamsha samaki.

Ukiisoma, tahadhari na mitego miwili. Karibu na ikweta mgandamizo hupanda na kushuka kila siku bila dhoruba yoyote: unafika juu kama saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, unashuka chini kama saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri. Linganisha na saa ileile ya jana. Mtego wa pili ni kilima: ukipanda mita 100, kipimo cha simu yako kinapungua kwa hektopaskali 11 au 12, na hewa haijabadilika hata kidogo.

Na radi haina mjadala. Hesabu sekunde kuanzia mwanga hadi ngurumo, gawanya kwa tatu, hizo ni kilomita. Sekunde zenyewe zikiwa chini ya 30, weka chini ufito, hasa ule wa kaboni ambao unapitisha umeme, ondoka majini na usikae chini ya mti uliosimama peke yake. Rudi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, si kabla.

Hatua ya 4: Chagua saa kwa jua

Mapambazuko na machweo, ukitoa ile kasoro ya bwawa la magugu. Wingu zito linarefusha saa hizo hata hadi mchana. Msimu wa baridi geuza yote: ngoja alasiri, jua likishapasha maji ya kina kifupi.

Hatua ya 5: Sasa mwite mwezi

Mazoea mengi ya mwezi yametoka baharini, ambako mwezi unaleta maji kujaa na kupwa. Ziwani hakuna cha kujaa. Hata kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, makubwa yale, mwezi na jua kwa pamoja hawafikishi sentimita 5. Yale majedwali ya saa nzuri na mbaya yanatokana na nadharia ambayo Mmarekani John Alden Knight aliianza mwaka 1926: saa kubwa ni mwezi ukiwa utosini au upande wa pili wa dunia, saa ndogo ni unapochomoza na unapozama. Siwakatazi kuyatumia. Mimi nayatumia kuchagua kati ya siku mbili zilizolingana, basi.

Ninachokiamini ni mwanga wake. Mwezi mpevu unachomoza machweo na kuzama mapambazuko, hivyo samaki anayewinda kwa macho ana usiku mzima wa kula, na asubuhi naona mara nyingi amevimbiwa. Baada ya mwezi mpevu naenda jioni, siendi alfajiri. Kila siku mwezi unachelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50, kwa hiyo giza la mwanzo wa usiku linarefuka, na hilo ndilo giza la kambale. Nusu mwezi unaokua uko utosini jioni na unazama kama saa 6 usiku. Wavuvi wa dagaa wanaovua kwa taa wanalijua somo hili kuliko sisi wa ndoana: mbalamwezi ikijaa, taa yao haivuti tena.

Hatua ya 6: Weka yote kwenye karatasi moja

Mfano wa wiki moja. Nataka perege, na kambale nikibahatika. Jumatano mvua kubwa. Alhamisi na Ijumaa mawingu, upepo wa kilomita 10 kwa saa kutoka kusini mashariki. Jumamosi jua kali, upepo hakuna. Nusu mwezi unaokua unaangukia Ijumaa.

Alhamisi naiacha, tope la Jumatano bado halijatulia. Jumamosi inavutia kwa kuwa ni mapumziko, lakini maji yatakuwa kioo na jua la kuchoma. Nachagua Ijumaa alasiri, ukingo wa kaskazini magharibi ambako upepo umesukuma chakula siku mbili, mbali kidogo na mdomo wa kijito. Perege hadi giza liingie, kisha nabadilisha ndoana na kungoja mwezi uzame saa 6 nimtafute kambale.

Hatua ya 7: Daftari

Tarehe, joto la maji, kifuniko kimepotea wapi, upepo, wingu, mwezi, saa ya kila samaki. Na andika siku ulizotoka mtupu kwa uangalifu uleule. Rafiki yangu mmoja alinionyesha daftari lake kuthibitisha kwamba mwezi mpevu haushindwi, na kweli samaki wake karibu wote walikuwa wa mwezi mpevu. Nikamuuliza siku nyingine huwa anatoka mara ngapi. Akacheka, akasema siku nyingine hatoki.