Umetumiwa "barua ya Davy Crockett"? Ikague hivi kabla hujatoa hela

Jamaa kanitumia picha ya barua, eti Davy Crockett, yule mwindaji na mbunge wa Tennessee, Marekani, aliyefia vitani kwenye ngome ya Alamo huko Texas 1836, alimwandikia kijana wa shule amhimize kusoma, na anaiuza. Sasa kabla hujauziwa mbuzi kwenye gunia fanya hivi.

Cheki sahihi kwanza. Mwenyewe alikuwa anasaini David Crockett, hilo la Davy ni la mtaani, ukiliona limechorwa kwa mbwembwe pale chini anza kushtuka.

Halafu tarehe na mahali. Bungeni Washington alikaa 1827 mpaka 1831, akapigwa chini kwenye uchaguzi, akarudi 1833 mpaka 1835, kwa hiyo mtu akikuletea barua ya mheshimiwa mbunge ya 1832 mrudishie. Na Texas alienda mwishoni kabisa, aliondoka kwao Novemba 1835, so barua ya Texas ya 1834 ni changa la macho.

Lugha ndo pananoga. Huyu bwana utotoni alisoma siku nne tu, akamvizia mwenzie wakapigana, basi akawa anatoroka shule kwa kumwogopa mwalimu (na huyo ndo amhimize mtoto wa watu asome!), ukubwani akaongeza kama miezi sita, kwa hiyo spelingi zake zilikuwa vururu vururu. Kiingereza kilichonyooka kama cha mwalimu mkuu kikutie wasiwasi, ila usimalizie hapo, maana hata tapeli anajua kukosea spelingi makusudi.

Karatasi iinue kwenye mwanga. Enzi zile zilitengenezwa kwa matambara, ni ngumu, hazivunjikivunjiki kama gazeti la zamani. Lakini wajanja wanachana kurasa tupu za vitabu vikuukuu, karatasi kuukuu peke yake haitoshi. Wino chukua lenzi uutazame, wa kweli umegeuka kahawia na umezama kwenye karatasi, ukiona vidoti vidoti hiyo imechapwa kiwandani.

Mwisho geuza nyuma. Bahasha hazikuwa za kawaida, karatasi yenyewe ilikunjwa ikabandikwa lakiri (nta ya kufungia barua), anwani ikaandikwa kwa nje, kwa hiyo tafuta mikunjo na pale lakiri ilipobanduka. Mbunge aliandika jina lake kwenye kona barua ikaenda bure. Stempu za posta Marekani zimeanza 1847.

Ya jamaa yangu ina stempu.