Mtoto kavunjika mkono: cha kufanya kabla na baada ya hogo (ile plasta ngumu ya hospitali)

Wakuu salaam, msimu wa maembe huu watoto wanadondoka kila siku, na mtoto akianguka anajikinga na kiganja, kwahiyo kinachovunjika mara nyingi ni karibu na kifundo cha mkono au juu kidogo ya kiwiko, hasa wale wa miaka 5 hadi 7.

1. Usiuvute wala kuukanda, hata kama umepinda uache hivohivo. Kata boksi gumu, tandika kitambaa, laza mkono, funga na vipande vya kanga juu na chini ya palipovunjika (sio palepale), kisha mtundikie shingoni. Bangili vua mapema.

2. Mfupa ukitokeza nje funika na kitambaa kisafi, usiurudishe ndani. Msosi na maji simamisha kwanza, huenda akapewa usingizi hospitali.

3. Kashafungwa hogo, hapa ndo wengi wanalala. Siku mbili za mwanzo mkono ukae juu ya mito, uwe juu ya kifua. Bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, achia, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Vidole vikiwa vya baridi, vina ganzi, au analia sana hata baada ya dawa na ukimnyoosha vidole anapiga kelele, usisubiri asubuhi, rudi usiku huohuo hogo lichanwe, nyama ikikosa damu masaa machache tu inakufa.

MASWALI

Swali: Bibi yake anataka tumpeleke kwa muunga mifupa, eti anamvunja kuku mguu, kuku akipona na mtoto kapona?

Jibu: Dada, mfupa wa mtoto unaunga haraka wenyewe, sifa anachukua kuku. Tatizo ni kuunga ukiwa umepinda, na zile fito zinazokazwa kamba, kuna watoto wamekatwa mkono kwa sababu ya kamba sio kuvunjika.

Swali: Wangu kiwiko, katolewa hogo baada ya wiki 4 mkono haunyooki, nimkande na maji moto?

Jibu: Usikande wala kuulazimisha, mwache acheze, utalegea taratibu.

Swali: Wa kwangu ana miezi 5, mkono umevimba na dada wa kazi anasema hajaanguka.

Jibu: Mama, nenda leo hii. Mtoto asiyetembea havunjiki hivihivi, mwambie daktari kila kitu, atapimwa mwili mzima, wapo pia wanaozaliwa na mifupa dhaifu kwahiyo usimkamate dada kabla ya majibu, ila kwa sasa usimwachie mtoto.