Namna bendi ya roki isiyo na mkataba inavyoweza kujijengea jina Kisumu

Bendi ya roki mbadala inayoanzia Kisumu haina kampuni ya kurekodi ya kuilipia matangazo, na ni nadra kusikia redio ya kwetu ikipiga muziki wa aina yake. Kwa hiyo jina lake litatoka kwa watu walioiona ikipiga, wakarudi mara ya pili wakiwa na rafiki. Hesabuni hao wanaorudi kabla ya kuwahesabu wafuasi wa mtandaoni.

Tafuteni ukumbi mmoja mdogo, kisha mwombeni mwenye ukumbi awape usiku mmoja wa kudumu kila mwezi, tuseme Alhamisi ya kwanza. Msiombe Jumamosi: siku hiyo ni ya ohangla, muziki wa ngoma wa Waluo, au ya DJ, na mwenye ukumbi hana sababu ya kuhatarisha mauzo yake kwa ajili ya vijana asiowajua. Pigeni hapo miezi sita bila kukosa, hata usiku ambao waliokuja ni tisa, wanne kati yao wakiwa jamaa zenu. Wekeni daftari mlangoni ili anayependa aandike jina na namba ya simu, na siku mbili kabla ya onyesho linalofuata mwandikieni kila mmoja ujumbe wake.

Mkumbuke pia mnampigia nani. Msikilizaji wa pande za ziwa amelelewa na gita. Katika benga, muziki wa gita uliozaliwa kwa Waluo, mwimbaji hufika mahali akanyamaza, gita likashika usukani na kupanda hadi kilele, na hapo ndipo watu huinuka kucheza. Aliyekulia humo hulitambua gita bovu hata likifichwa ndani ya mngurumo wa gita la umeme. Sisemi mwige benga, ila katika kila onyesho pawe na wimbo mmoja ambamo mpiga gita anaondoa mngurumo na kuacha nyuzi zisikike moja moja. Sisi tulipojaribu hivyo mara ya kwanza, mama aliyekuwa akikaanga samaki nyuma ya ukumbi alitoka jikoni, mwiko mkononi ukidondosha mafuta, akasimama mlangoni mpaka wimbo ukaisha. Mwezi uliofuata alituuliza tungeupiga saa ngapi.

Onyesho la bendi changa lisizidi dakika 30, yaani nyimbo sita au saba, nalo lifanyiwe mazoezi lote kwa kupimwa na saa, pamoja na muda wa kutuni gita kati ya nyimbo. Hewa ya ziwa ina unyevu na nyuzi hushika kutu upesi, kwa hiyo zipanguseni kila baada ya kupiga na mbebe seti nyingine. Umeme nao hukatika. Niliwahi kusimama jukwaani gizani dakika 20 nikingoja jenereta, nikawasikia watu wakisogeza viti na kuondoka, na uchungu wake ninao hadi leo. Tangu hapo huwa tuna nyimbo mbili tulizozipanga kwa gita kavu, lisilotumia umeme, na chupa ya Fanta, chombo ambacho wapiga omutibo, mtindo wa gita wa Uluhyani, walikwisha kuthibitisha kwamba kinatosha kushika mdundo.

Kuhusu kurekodi, nyimbo tatu zilizopikwa vizuri zinatosha. Kabla ya kuzitoa, andikeni karatasi inayoonyesha nani alitunga nini na mgao wa kila mmoja, mtie sahihi wote, kisha msajili kazi hizo kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Sheria yetu humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na ugomvi wa mgao huvunja bendi. Hakikisheni pia kila rekodi ina namba yake ya ISRC, yaani namba ya kimataifa ya kuitambulisha rekodi, yenye herufi na tarakimu 12, ili mapato yake yasipotelee kwa mwingine.

Baada ya miezi hiyo sita, tafuteni bendi ya Nakuru iliyo katika hali kama yenu mkabadilishane: wao wafungue usiku wenu Kisumu, nanyi mkafungue wa kwao. Kila upande uwalaze na kuwalisha wageni wake, ili nauli ya matatu iwe ndiyo gharama kubwa pekee. Mkienda, bebeni daftari jipya, na mmoja wenu asimame mlangoni tangu mtu wa kwanza anapoingia.