Kuishi na mpira wa mkojo baada ya upasuaji wa tezi dume: somo la hatua kwa hatua, na maswali

Siku niliporuhusiwa kutoka wodini nilipewa karatasi ya dawa, tarehe ya kurudi, na mfuko wa mkojo uliokwisha kujaa nusu. Basi. Hakuna aliyetuambia mfuko ule unakaaje kwenye bajaji. Mwanangu akaupakata kama mtoto mchanga, juu kuliko kiuno changu, na njia nzima nilikuwa najiuliza kwa nini kibofu kinataka kupasuka ilhali nina mpira, yaani katheta, ule mrija unaopitishwa hadi kibofuni kuutoa mkojo. Tulipofika nyumbani, muuguzi jirani yetu akautwaa mfuko akauteremsha chini ya kiti. Mkojo ukashuka shaa, kama bomba lililofunguliwa.

Mimi si daktari. Ni mwalimu mstaafu niliyekaa na mpira siku 12, na mengi ya humu nilifundishwa na muuguzi huyo. Nayaandika kwa wazee wenzangu, na zaidi kwa wake na watoto wao, maana ndio wanaoushika mfuko. Mkishindwa kukumbuka yote, kumbukeni hili: kila mnapopita karibu na mfuko, tazameni kama mkojo unashuka. Maumivu huja na kuondoka bila sababu kubwa. Mfuko usioongezeka ndio wa kuogopwa.

Hatua ya 1: Ujue ulichobeba

Ncha ya mpira iko ndani ya kibofu, na karibu na ncha hiyo pana puto dogo lililojazwa maji, kwa kawaida mililita 10 hadi 30. Puto ndilo linalozuia mpira usichomoke. Ndiyo sababu hauvutwi hata siku moja: ukivutwa puto likiwa limejaa, linachana njia ya mkojo.

Waliofanyiwa upasuaji wa kupitia njia ya mkojo, usio na kidonda cha nje, mara nyingi hutolewa mpira baada ya siku 1 hadi 3. Waliopasuliwa tumbo hukaa nao wiki moja hivi, na walioondolewa tezi nzima kwa sababu ya saratani, wiki 1 hadi 2. Wengine huongezewa siku kama mimi. Usijilinganishe na mwenzako wa kitanda cha pili.

Hatua ya 2: Mpira pajani, mfuko chini

Bandika mpira pajani kwa plasta, ukiacha ulegevu kidogo ili unapogeuka usivutike. Kesho hamishia paja la pili, ngozi ipumzike. Mfuko ukae chini ya kibofu wakati wote, usiku ukitundikwa ubavuni mwa kitanda bila kugusa sakafu. Anayelala kwenye godoro la chini ahamie kitandani kwa muda huu, la sivyo mfuko hauna pa kushukia. Mchana ukitoka, mfuko mdogo wa kufunga mguuni unakaa vizuri ndani ya msuli au kanzu, wala hakuna atakayejua.

Hatua ya 3: Usafi

Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kugusa chochote. Osha mpira unapoingilia mwilini kwa maji na sabuni ya kawaida mara mbili kwa siku, ukifuta kutoka mwilini kwenda nje. Asiyetahiriwa arudishe govi mahali pake akimaliza, maana likiachwa nyuma huvimba na kukaba. Spiriti, poda na dawa kali za kuulia vijidudu hazitakiwi hapo.

Mwaga mfuko ukifika nusu au zaidi kidogo, kwa koki ya chini, na koki isiguse ndoo. Usichomoe mfuko kwenye mpira kila mara ati uuoshe. Hapo ndipo vijidudu vinapopata mlango.

Hatua ya 4: Maji, na tumbo

Lita 2 hadi 3 kwa siku, isipokuwa daktari amekuzuia kwa ajili ya moyo au figo. Mkojo wa waridi si ajabu, hasa ukitoka kutembea au kujikamua chooni. Kaa, kunywa maji, utaona unang'aa tena. Wiki ya pili, kama siku ya 10 hadi 14, gamba la kidonda cha ndani hubanduka na damu hurudi kidogo. Wengi hushtuka wakadhani wameharibika. Lakini mkojo ukiwa mzito mwekundu kama juisi ya rozela isiyotiwa maji, au ukiwa na mabonge, usikae nyumbani.

Papai, mboga za majani, maharage: choo kisiwe kigumu. Na ile ndoo ya lita 20 mwachie mwingine kwa wiki 6.

Hatua ya 5: Mkojo ukigoma

Hapa ndipo pa kusoma mara mbili.

Usiku wa nne nyumbani niliamka saa 8. Tumbo la chini gumu kama dafu, jasho linanitoka, na mkojo unapita pembeni ya mpira kuingia kwenye shuka. Mke wangu akamulika mfuko kwa simu: kiasi kilekile tulichokiacha saa 4. Mjomba mmoja aliyelala kwetu akashauri tuukate mpira maji ya puto yatoke. Namshukuru Mungu mke wangu ni mbishi.

Fuateni mpangilio huu. Kwanza, ufuateni mrija kwa vidole kutoka mwilini hadi mfukoni: umejikunja? Umelaliwa? Pili, mfuko umejaa? Mwageni. Tatu, mfuko uko chini? Nne, mgonjwa ageuke ubavu au asimame kidogo. Mkojo ukishuka, vizuri. Usiposhuka na tumbo linajaa, nendeni hospitali hapohapo, msingoje alfajiri. Hata bila maumivu, muda wa saa mbili tatu bila tone ni sababu tosha ya kwenda.

Mimi, muuguzi wa zamu alichukua bomba kubwa la sindano, akasukuma maji ya dripu taratibu kwenye mpira, akavuta. Likatoka bonge la damu la ukubwa wa punje ya hindi, jeusi kama ini. Nyuma yake mkojo, karibu lita nzima. Nililia, na sioni haya kusema.

Si kila mkojo unaopita pembeni ni mpira kuziba. Kibofu chenyewe hukasirika na kile kitu kilichomo ndani yake, kikabana ghafla. Unahisi haja kali inayokuja kwa mawimbi, lakini mfukoni mkojo unaendelea kushuka. Usijikamue. Vuta pumzi, lilegeze tumbo, ngoja wimbi lipite. Likizidi, ipo dawa ya kutuliza kibofu, daktari ataiandika.

Sababu nyingine za kwenda bila kungoja: homa ya 38 au zaidi, baridi ya kutetemeka, korodani kuvimba na kuuma, au mpira kuchomoka wenyewe.

Hatua ya 6: Kutolewa mpira, na wiki zinazofuata

Kutolewa ni dakika moja. Muuguzi ananyonya maji ya puto kwa sindano, anakwambia vuta pumzi, umetoka. Hufanywa asubuhi ili mchana waone kama unakojoa. Usiondoke kabla hujakojoa, na ukifika nyumbani ukakwama, rudi siku hiyohiyo.

Utachomwa ukikojoa. Utakimbilia choo, na mara nyingine utachelewa. Ukikohoa au ukiinuka kwenye kiti, matone. Baada ya upasuaji wa kupitia njia ya mkojo hali hii kwa wengi hutulia ndani ya wiki kadhaa. Kwa walioondolewa tezi nzima inaweza kuchukua miezi, hata mwaka.

Mpira ukishatoka, anza mazoezi. Kaza misuli kama unayezuia upepo usitoke mbele za wakwe. Hesabu hadi 10 ukiweza, legeza, mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Matako na tumbo visikaze. Punguza kahawa na chai ya rangi nzito, lakini maji usiyapunguze. Mkojo mzito huunguza na kukukimbiza chooni zaidi.

MASWALI

*Shikamoo mzee. Tumeambiwa tununue mpira mwingine wa baba duka la dawa. Muuzaji anauliza namba, sisi hatujui. Na unabadilishwa baada ya muda gani?*

Marahaba mwanangu. Tazama mwisho wa mpira, penye mdomo wa kujazia puto: pana rangi. Ya machungwa ni namba 16, nyekundu ni 18, njano 20. Lakini namba aiandike anayeubadilisha, siyo muuzaji. Ule wa kawaida wa rangi ya kahawia kwa kawaida haupitishwi wiki 4. Wa silikoni, unaopitisha mwanga, huweza kufika wiki 12. Mkianza kuona chembe nyeupe nyingi na mkojo unasuasua, msingoje tarehe.

*Mkojo umepimwa ukakutwa na vijidudu. Sina homa wala maumivu. Ninunue antibaotiki?*

Usinunue. Mpira ukikaa siku nyingi, vijidudu lazima vionekane kwenye kipimo. Bila homa wala dalili kwa kawaida havitibiwi, maana utavifundisha kuzoea dawa. Mwoneshe daktari majibu, aamue yeye.

*Assalaam alaykum. Niko Muscat, nina mpira wiki ya pili. Sala zangu zikoje?*

Waalaykum salaam. Fatwa si kazi yangu, ila imamu wetu alinielekeza hivi: asiyeweza kuzuia mkojo ana udhuru. Ungoje wakati uingie, ujisafishe, utawadhe, usali bila kuchelewa, na wakati mwingine ukiingia utawadhe upya. Mimi nilikuwa namwaga mfuko kwanza, nikisali kwenye kiti, maana kusujudu kulinibana. La kuingia na mfuko msikitini muulize sheikh wa hapo.

*Naweza kupanda bodaboda wiki ya tatu?*

Hapana. Baiskeli pia. Kidonda kiko palepale unapokalia.

*Mume wangu katolewa mpira wiki 3 sasa. Hataki kwenda harusini, hataki msikitini, amehamia chumba cha wageni. Nimekuta nguo za ndani zilizoloa amezificha uvunguni. Nimwambieje?*

Dada yangu, usimwambie umeziona. Mnunulie pedi za wanaume au pampasi nyembamba za watu wazima, uziweke kabatini kwake bila maneno. Pesa ikibana, vitambaa vya pamba vya kukunja, vifuliwe na kuanikwa juani. Avae suruali nyeusi. Mimi nilihudhuria msiba wiki ya nne nikiwa na kitambaa, nikakaa karibu na mlango.

Kuhusu chumba: unyumba kwa kawaida hurudiwa baada ya wiki 4 hadi 6, kidonda kikiwa kimepona. Na ajue mapema kwamba baada ya upasuaji wa tezi usioiondoa yote manii mara nyingi hayatoki nje. Hurudi kwenye kibofu na kutoka na mkojo. Hayana madhara. Lakini mwanamume asiyeambiwa hudhani amekwisha, na huenda ndilo lililomhamisha chumba.

*Nilipasuliwa miezi 4 iliyopita, nikapona kabisa. Sasa mkojo umekuwa mwembamba kama uzi, nasimama chooni mpaka miguu inachoka. Tezi imeota tena?*

Kwa miezi 4, mwenye kushukiwa kwanza ni kovu, siyo tezi. Njia ya mkojo au mlango wa kibofu hupona kwa kusinyaa. Kunatibika, na kovu likiwahiwa kazi huwa ndogo zaidi. Usinywe mizizi ya kufungua njia. Tafuta kikombe cha plastiki chenye alama za mililita na daftari, uandike kwa siku mbili kila unapokojoa: saa ngapi, kiasi gani, dakika ngapi. Uende nalo kliniki wiki hii.