Kuomba nafasi ya kujitolea nje ya nchi katika miradi ya afya ya wasichana: mwongozo kwa waombaji wa Kisumu, Nakuru na magharibi mwa Kenya

Kabla ya kutafuta nafasi yoyote, weka mezani kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na cheti cha KCSE (mtihani wa kidato cha nne), usome majina herufi kwa herufi. Hapa ndipo maombi mengi hukwama, hata kabla mtu hajaulizwa anajua nini kuhusu afya. Cheti cha kuzaliwa kinasema Akinyi, kitambulisho kinasema Mercy Akinyi, KCSE ikaandika Mercy Atieno. Nyumbani kila mtu anajua huyo ni mmoja; afisa anayekagua faili anaona watu watatu. Ikiwa tofauti ni ya mpangilio au tahajia tu, mara nyingi hati ya kiapo kutoka kwa wakili hutosha. Jina likiongezwa au kufutwa kabisa, utahitaji hati rasmi ya kubadilisha jina, ambayo hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali. Hiyo haiishi kwa wiki moja, kwa hivyo ianze mapema. Aliyeolewa na anayetaka jina la mume aamue sasa, maana jina la pasipoti ndilo litakalokuwa kwenye tiketi, kibali na bima.

Majina yakishakubaliana, omba pasipoti na cheti cha maadili mema kwa pamoja. Vyote viwili huanzia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na hakuna haja ya kusafiri hadi Nyayo House jijini Nairobi: Kisumu, Nakuru, Eldoret na Kisii zina ofisi za uhamiaji. Chagua ofisi iliyo karibu nawe wakati wa kujaza fomu. Kitabu cha kurasa 34 kinamtosha anayejitolea. Siku ya miadi beba fomu iliyochapishwa na kutiwa sahihi, risiti ya malipo, picha 3 za pasipoti, kitambulisho na cheti cha kuzaliwa, vyote halisi pamoja na nakala, nakala za vitambulisho vya wazazi, na nakala ya kitambulisho cha mtu aliyekupendekeza kwenye fomu. Huyo wa mwisho husahaulika sana, na bila yeye utarudishwa mlangoni. Lipa kupitia eCitizen yenyewe, nambari ya malipo ya M-Pesa ni 222222. Anayekuomba utume kwa simu yake "aharakishe" hana cha kuharakisha.

Cheti cha maadili mema hutolewa na DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Ukishalipa, chapisha fomu ya C24 mbele na nyuma ya karatasi moja. Saiba nyingi huichapisha kwenye karatasi mbili, na fomu hiyo haipokelewi. Alama za vidole huchukuliwa Huduma Centre. Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe vizuri. Anayefanya mjengo au shamba apumzishe vidole siku chache, kwa sababu alama zilizofifia humfanya mtu arudie. Katika kazi hii cheti hicho si karatasi ya kupamba faili. Shirika lolote la maana litakataa kumweka karibu na watoto mtu ambaye rekodi yake haijakaguliwa, na likikupokea bila kukiulizia, basi wewe ndiye wa kuwa na shaka nalo.

Sasa nafasi yenyewe. Njia iliyo wazi zaidi ni Wajitoleaji wa Umoja wa Mataifa, UNV, wenye makao makuu Bonn, Ujerumani. Mashirika kama UNFPA (la idadi ya watu na afya ya uzazi), UNICEF (la watoto) na UN Women (la wanawake) hupata wajitoleaji kupitia kwao. Fungua akaunti kwenye jukwaa lao ukitumia barua pepe utakayoendelea kuwa nayo, wala si ya ofisi. Vijana wa miaka 18 hadi 26 wana kundi lao. Kundi la wataalamu huanzia miaka 27. Soma neno moja kwenye kila tangazo: "kitaifa" au "kimataifa". Nafasi ya kitaifa iliyoko Kampala ni ya raia wa Uganda au mkaazi halali wa huko, na Mkenya anayeishi Kenya akiiomba anapoteza jioni yake. UNV haitozi ada ya maombi, mafunzo wala mahojiano. Anayechaguliwa kwa nafasi ya kimataifa hupewa posho ya kila mwezi, usafiri na bima ya afya.

Sehemu ya kueleza sababu za kuomba ndiyo inayoamua, na wengi huijaza maneno kama "napenda kusaidia wasichana". Andika kilichofanyika: uliongoza vipindi vingapi vya hedhi salama, kwa wasichana wa gredi gani, katika mtaa upi, iwe Nyalenda au Kaptembwo, nani alisimamia, na ulijuaje kwamba wameelewa. Wasichana 25 waliofuatiliwa muhula mzima wana uzito kuliko 500 waliogawiwa taulo siku moja wakapigwa picha.

Kwenye mahojiano, tarajia swali hili: msichana anakuambia mwalimu anamdhulumu, akuombe usimwambie mtu. Usimwahidi siri. Sikiliza, usimhoji kama mpelelezi, mweleze nani lazima ajue, andika maneno yake alivyoyasema, kisha uripoti siku hiyo hiyo kwa mhusika wa ulinzi wa watoto. Ukisema utakwenda kuzungumza na mwalimu huyo, mahojiano yameisha. Soma pia sheria na sera za nchi unayokwenda. Kenya imekuwa na sera ya kuwarejesha shuleni wasichana waliojifungua tangu 1994. Tanzania iliondoa marufuku yake ya wasichana hao kurudi shuleni Novemba 2021 tu, na mjadala wake bado una joto.

Kibali cha kuishi na kujitolea nchini humo ni kazi ya shirika linalokupokea, lakini ulizia kabla ya kufunga mizigo. Kuvuka Busia kwa kitambulisho kunaruhusiwa kwa Mkenya anayeingia Uganda, ila ruhusa hiyo ni ya kuingia, si ya kufanya kazi, hata ya bure. Tanzania inataka pasipoti, na wajitoleaji huwekwa kwenye kibali cha ukaazi cha daraja C. Usikubali ushauri wa kusema mpakani kwamba unatembelea shangazi.

Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, kwa sababu cheti hakihesabiki kabla ya hapo. Ukishachanjwa hurudii: tangu Julai 2016 cheti hicho hudumu maisha yote. Mjamzito, mwenye mzio mkali wa mayai au mwenye kinga dhaifu amwone daktari kwanza. Kadi hiyo, pasipoti na barua ya mwaliko vikae kwenye mkoba wa mkononi, wala si kwenye sanduku lililo chini ya basi.